Kura 31 za usiku wa manane

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, na ndiye msimamizi wa kundi la mashabiki mtandaoni. Tunampenda mwimbaji mmoja wa pop ambaye jina lake nalihifadhi, kwa kuwa baadhi ya wenzangu wanakusoma. Tuko watu 240 hivi. Wengi hatujawahi kuonana kwa macho, lakini miaka tisa sasa tumepeana pole za misiba na kupongezana kwa watoto, yote kwa sababu ya nyimbo za mtu asiyetujua.

Mwaka huu nilianzisha mashindano ya nyimbo zake 32 kwa mtindo wa mtoano. Nyimbo mbili zinakutana, tunabishana siku mbili, tunapiga kura kwa fomu, na unaoshinda unasonga mbele. Mtu mmoja, kura moja. Mechi nilizipanga mwenyewe na kura nahesabu mwenyewe. Shangazi, raha ya wiki zile siwezi kuieleza. Watu waliokuwa kimya kwa miaka walijitokeza wakaandika maelezo marefu kutetea wimbo mmoja. Mzee mmoja alituonyesha besi inavyojificha nyuma ya sauti kwenye ubeti wa pili wa wimbo ambao mimi nilikuwa nauruka siku zote. Sasa siuruki tena.

Kisha ikaja nusu fainali. Upande mmoja kibao chake kikubwa, kile ambacho hata wasiompenda wanakijua. Upande wa pili wimbo wa polepole kutoka albamu ya pili, ambao haukuwahi kupigwa sana redioni. Wa polepole ulishinda kwa kura 118 dhidi ya 104, na kundi likalipuka.

Usiku ule nikafungua orodha ya kura. Kura 31 ziliingia kati ya saa nane na dakika tano na saa nane na dakika ishirini na nne, zote kwa wimbo wa polepole, zote kutoka anwani za barua pepe zinazofanana na zenye namba mwishoni. Moja ya anwani hizo ina jina la paka aliyefugwa utotoni na rafiki yangu, nimwite Rehema. Jina hilo aliniambia mimi tu.

Rehema ndiye mtu wa kwanza niliyezoeana naye kundini, na sasa ni rafiki yangu hata nje ya kundi. Mama yake alifariki mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu. Usiku wa hospitali walikuwa wakisikiliza wimbo ule, sikio moja la spika kwake, moja kwa mama. Kwa hiyo najua kwa nini amefanya hivyo. Ndiyo maana nimeshindwa kusema.

Lakini wapenzi wa kile kibao wameanza kusema kura zimepikwa. Juzi mmoja wao alimtaja binti mmoja mgeni, wa miaka kumi na tisa, eti ndiye aliyefungua akaunti bandia, kwa kuwa aliutetea wimbo wa polepole kuliko wote. Wengine wakamfuata. Binti akajibu mara mbili, kisha akatoka kundini.

Fainali ni baada ya siku nne. Nikisema, nampoteza Rehema. Nikinyamaza, wimbo usioshinda unaingia fainali. Na niseme ukweli wote: mimi pia naupenda wimbo ule, na wakati wa kupanga mechi niliuweka upande usio na vibao vikubwa. Je, nifute kila kitu nijifanye fomu imeharibika? Nisaidie.

Mhesabu kura

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu linasimama kwa yule binti. Umemtaja katika sentensi chache kisha ukarudi kwa Rehema, kwa fainali na kwa fomu. Mimi nitaanza naye, kwa sababu katika hadithi hii ni yeye peke yake aliyeumia bila kufanya lolote. Alipenda wimbo, akautetea kwa moyo wote, kama mlivyowaomba watu wafanye, na malipo yake yakawa kuitwa mwizi mbele ya watu 240. Ushahidi wa kumsafisha uko mkononi mwako tangu usiku wa kwanza.

Mwandikie leo. Usizunguke. Mwambie: "Nina orodha ya kura, nimeipitia, na najua si wewe. Nilijua hivyo kabla hujatoka kundini na sikusema. Naomba unisamehe. Kesho nitalisema hili mbele ya wote waliosikia ulivyotajwa." Usimwombe arudi katika ujumbe huo huo. Ukimwomba arudi atajiona analazimika kukupunguzia aibu, na hana deni hilo kwako. Aliyemtaja pia aombe radhi hadharani, pale pale alipomtaja. Usikubali akuambie kwamba ameshamwandikia pembeni.

Sasa Rehema.

Mpigie simu, usimwandikie. Maandishi husomwa kwa sauti ya msomaji, na mtu mwenye hatia husoma kila neno kama kofi. Anza na ulichokiona kabla ya unachokifikiri: saa, idadi, jina la paka. Kisha nyamaza umwache aseme. Sidhani atakana. Mtu anayeweka jina la paka wa utotoni kwenye akaunti ya bandia, mbele ya rafiki pekee anayelijua, huenda hakuwa amejificha sana.

Akishasema, mwambie jambo ambalo naona hakuna aliyemwambia. Wimbo ule ulipokaribia kutolewa, nadhani alisikia kama watu wanapiga kura kuhusu zile nyakati za hospitali, na kwamba ukishindwa basi zile nyakati zimeshindwa. Kura ile haikuuliza hivyo. Iliuliza watu 191 waliopiga kura ya kweli, kati ya nyimbo hizi mbili mnachagua upi, basi. Hata wimbo ungepata kura moja tu, ya Rehema, usingepungua chochote kwake na kwa mama yake. Lakini mwambie na upande wa pili, usiuruke kwa huruma. Wale 104 waliochagua kile kibao nao ni watu. Yupo aliyekicheza siku ya harusi yake. Yupo aliyekisikia siku alipopata kazi baada ya kuhangaika muda mrefu. Hawakuomba kushinda, waliomba kila mmoja ahesabiwe kama mmoja. Kura 31 za usiku ule zimewafanya 31 kati yao kuwa kama hawakupiga kura kabisa.

Mpe nafasi ya kuziondoa yeye mwenyewe, yaani akuambie, "Zifute." Ni neno dogo, lakini mtu akilisema mwenyewe hubaki na heshima yake. Asiposema, utazifuta wewe, na aambiwe hivyo mapema, bila vitisho.

Kwa kundi, tangaza hesabu yote na usitaje jina. Sema kura 31 ziliingia ndani ya dakika 19 kutoka anwani zinazofanana na zenye namba mwishoni, umeziondoa, na matokeo halali ni 104 kwa 87. Kile kibao kinaingia fainali. Watakuuliza ni nani. Jibu kwamba unamjua, umezungumza naye, na kwamba si yule aliyetajwa. Kundi lina haki ya kujua hesabu. Msiba wa mwanamke aliyefiwa na mama yake si mali ya kundi, na usiutoe wewe kama kisingizio chake, hata kwa nia njema. Akitaka, atausimulia mwenyewe. Kuna sharti moja tu, na Rehema alisikie kabla: siku mtu mwingine asiye na hatia atakapotajwa tena, Rehema atajitokeza kwa jina lake. Huwezi kumlinda rafiki kwa mgongo wa mgeni mara ya pili.

Kuhusu kujifanya fomu imeharibika, hapana. Zaidi ya kuwa uongo, uongo huo hautakaa. Mashabiki ni watu wanaohesabu. Julai 2019, fainali ya Produce X 101, shindano la televisheni la kuchagua waimbaji huko Korea Kusini, ilipotangaza idadi ya kura za washindani, mashabiki walikaa na tarakimu zile wakagundua kwamba tofauti ya kura 29,978 ilijirudia mara kadhaa kati ya nafasi na nafasi. Kura za kweli za watu hazijipangi hivyo. Waliendelea kupiga kelele mpaka polisi wakaingia, na watayarishaji wakafungwa jela. Jambo lako ni dogo sana mbele ya lile, wala hakuna wa kukufunga. Lakini wenzako wameshaanza kusema kura zimepikwa na wana haki, kwa sababu zimepikwa.

Na kutangaza hakuui mashindano. Kituo cha redio cha Triple J cha Australia huwaalika wasikilizaji kila mwaka kuchagua nyimbo mia moja. Mapema 2015 kilitangaza waziwazi kwamba kimeuondoa wimbo wa Taylor Swift, "Shake It Off", kwa sababu ya kampeni iliyoendeshwa mtandaoni kuusukuma. Wengi walikasirika. Mwaka uliofuata watu walipiga kura tena. Watu huvumilia uamuzi mgumu uliotangazwa kuliko mwepesi uliofichwa.

Sasa nije kwako, maana uliliweka mwishoni kabisa, kama mtu anayetoka mlangoni huku akisema jambo kwa haraka. Ulipanga mechi mwenyewe na ukauweka wimbo unaoupenda upande mwepesi. Mwanangu, hiyo nayo ni kuchezea mizani. Rehema aliongeza kura 31. Wewe huenda uliamua mechi kadhaa kabla kura haijapigwa.

Acha nikuonyeshe, kwa sababu naamini hukujua uzito wake. Chukua mashabiki watatu na nyimbo tatu: wa kucheza, wa mapenzi na wa huzuni. Wa kwanza anazipanga hivi: kucheza, mapenzi, huzuni. Wa pili: mapenzi, huzuni, kucheza. Wa tatu: huzuni, kucheza, mapenzi. Zikutanishe mbili mbili. Wa kucheza unaushinda wa mapenzi kwa kura mbili kwa moja. Wa mapenzi unaushinda wa huzuni kwa mbili kwa moja. Utadhani basi wa kucheza utaushinda wa huzuni, lakini hapana, wa huzuni unashinda, mbili kwa moja. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyebadili mawazo, ila wimbo wowote unaweza kuwa bingwa ikitegemea upi umewekwa kusubiri fainali. Mwanahisabati Mfaransa Condorcet aliliandika jambo hili mwaka 1785, na nadhani kila msimamizi wa kundi la mashabiki angelijua kabla ya kufungua fomu ya kwanza. Katika mtoano, nyimbo mbili zinazopendwa kuliko zote zikikutana raundi ya kwanza, mmoja unatoka siku ile ile pamoja na zile ambazo hazikumgusa mtu. Ndiyo maana mechi hupangwa kwa kura ya bahati, mbele ya watu. Kwa hiyo unapotangaza habari ya kura 31, tangaza na hili, kwa jina lako. Ukiyasema yote mawili kwa pamoja, hakuna atakayeweza kusema unamficha mtu huku ukijitakasa.

Utaniuliza, basi nusu fainali irudiwe? Mimi nasema isirudiwe. Ikirudiwa, hakuna atakayepiga kura kuhusu wimbo. Wote watapiga kura kuhusu kashfa. Una hesabu safi ya 104 kwa 87, isimamie. Ahirisha fainali kwa wiki moja watu wapumue, kisha imalizeni kama ilivyopangwa, na wote wakijua mechi zilipangwaje. Watu wametumia wiki nyingi na maneno mengi mazuri, usiwatupie yote hayo.

Mwakani badilisha mtindo. Kila mtu aandike nyimbo zake kumi kwa mpangilio, na kila nafasi iwe na pointi zake. Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, wanatumia ngazi yao tangu 1975: wimbo wa kwanza pointi 12, wa pili 10, wa tatu 8, kisha 7 kushuka hadi 1. Uzuri wake ni kwamba wimbo ambao si wa kwanza kwa wengi, lakini ni wa tatu au wa nne kwa karibu kila mtu, unapata kuonekana. Wimbo kama ule wa polepole hufaidika sana hapo, tena kwa haki. Njia hii nayo ina tundu: wajanja wataunyima pointi mpinzani mkuu wa wimbo wao hata kama wanaupenda. Hakuna njia isiyo na tundu. Mwanauchumi Kenneth Arrow alithibitisha mwaka 1951 kwamba machaguo yakifika matatu au zaidi, hakuna namna ya kuunganisha mapendeleo ya watu kuwa orodha moja ikatimiza masharti yote ya haki unayoweza kuyaona ya kawaida kabisa. Chagua tundu unaloweza kuishi nalo, liseme mapema.

Andika pia kanuni ya sare kabla ya kura ya kwanza. Mwaka 1969 Eurovision iliisha na washindi wanne, Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa, kila mmoja na pointi 18, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika wafanyeje. Mwaka uliofuata nchi kadhaa zilisusa. Kwenu sare ni rahisi zaidi kutokea, maana ninyi ni wachache. Na wahesabu wawe wawili, mmoja kutoka kila kambi, wote wakiona orodha ile ile. Mhesabu mmoja, hata akiwa mwaminifu, hubeba mzigo kama huu uliokunyima usingizi.

Kuna jambo jingine dogo nimeliona, nalo naona ndilo linalowagombanisha mashabiki kila mahali. Fomu zenu bila shaka ziliuliza wimbo upi ni bora. Yule mzee wa besi akiulizwa hivyo anapima ufundi: nani alipiga nini, sauti imerekodiwaje, kiitikio kinaingia wapi. Rehema akiulizwa hivyo hivyo anapima maisha yake. Wanajibu maswali mawili tofauti kwa fomu moja, halafu mmoja anamwona mwenzake hajui muziki, na mwenzake anamwona hana moyo. Uliza kwa maneno yasiyoteleza: "Ungeruhusiwa kubaki na wimbo mmoja kati ya hizi mbili, ungebaki na upi?" Hapo hakuna wa kusahihishwa na mwenzake. Wanaopenda kubishana kuhusu ufundi wapeni uwanja wao, tena mkubwa, kwa sababu mabishano yale ndiyo yaliyokufundisha usiuruke ule wimbo.

Na kabla ya fainali wekeni jioni moja isiyo na kura. Kila mwenye wimbo uliotolewa aandike kwa nini aliubeba. Nyimbo 30 zitakuwa zimeshatoka, kwa hiyo karibu kila mtu atakuwa na la kusema. Usimwombe Rehema aandike. Fungua mlango tu. Kama atauandika ule usiku wa hospitali na spika mbili za masikio, nadhani hata wale 104 watausikiliza wimbo ule upya kabla ya kulala. Kama hataandika, mpigie siku hiyo, msikilize naye hata kwa simu.

Huenda akakasirika nawe mwanzoni. Huenda akakaa kimya wiki mbili. Mwache, lakini usimwache bila salamu. Mwandikie mambo ya kawaida, usimtajie kura tena. Aliyefiwa na mama mwaka jana hajamaliza kulia mwaka huu, na wewe ni mmoja wa watu wachache wanaojua alikuwa akilia na wimbo gani.

Ratiba yako basi: binti leo, kabla hujalala. Rehema kesho asubuhi, kwa sauti. Kundi kesho jioni, na orodha ya zile kura 31 mkononi, majina yamefunikwa, saa zinaonekana.